Karafuu Kwenye Maziwa

Baba yangu alikuwa na tabia ya kumwegemea ng'ombe ubavu wa kushoto, akabandika sikio, akafumba macho. Ukimsemesha wakati huo anakuinulia mkono unyamaze. Alikuwa anasikiliza tumbo. Ng'ombe mzima, alisema, tumbo lake hunguruma, likatulia, likanguruma tena, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha pili. Likinyamaza moja kwa moja, jua kuna jambo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, sina mchumba wa maana, nimesimama uani na ndoo ya kinyesi mkononi nikisubiri mzee amalize kusikiliza. Sikumpenda yule ng'ombe. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wakisikia habari hii hudhani nalia kwa ajili yake.

Tulikaa Ilala, nyumba ya Kiswahili kama nyingine zote za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba vya mbele vya wapangaji, vya nyuma vyetu, halafu uani. Ndugu zangu walikuwa wameshaoa na kuolewa na kutawanyika. Baba na mama walitoka Songea wakiwa vijana, na mpaka uzee wao waliongea Kingoni wakitaka kunisema mimi.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha umma cha kusaga chakula cha mifugo. Yeye ndiye aliyekuwa akichanganya: pumba, mashudu ya pamba, chokaa, chumvi, unga wa dagaa. Alirudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Kariakoo, ambayo utoto wangu wote yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, yakajaa vitu mpaka barazani: sabuni za kunukia, vitenge, redio, viatu vya mtumba vimeunganishwa kwa kamba. Na huko kiwandani kwa baba wakaanza kusoma majina. Vitu vilikuwa vinaingia na watu wanatoka. Baba alitoka na kundi la kwanza.

Wenzake walinunua cherehani, wengine wakafungua genge. Yeye alirudi na ng'ombe jike, chotara mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, akampitisha mlango wa mbele na ukumbini kwa sababu uani kwetu hakukuwa na mlango mwingine. Mpangaji mmoja alikuwa anakula mkekani. Alinyanyua sahani yake, ng'ombe akapita, akashusha sahani, akaendelea. Mama alitoka jikoni, akamtazama mnyama juu mpaka chini.

"Baba watoto," akasema, "huyu atalala na nani?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Watu wengine wakipata shida wanagombana, wao walikuwa wanataniana, na nilikulia katikati ya utani huo bila kujua kwamba si nyumba zote ziko hivyo.

Kumlisha ng'ombe katikati ya mji ni kazi ya kudhalilisha. Majani tulikata bonde la Msimbazi. Pumba tulipata mashineni. Kilichobaki tuliokota sokoni Kariakoo baada ya wafanyabiashara kufunga: majani ya kabichi, maganda ya ndizi, magunzi. Nilikuwa naomba Mungu nisikutane na mtu niliyesoma naye. Na hizo kabichi ndizo zilizotuletea balaa, maana alasiri moja ng'ombe alivimba. Ubavu wa kushoto ulipanda ukawa juu kuliko mgongo, ukiugonga unalia kama ngoma. Ng'ombe anayecheua hupiga mbweu mchana kutwa, hewa inatoka; asipoweza, hewa inamjaa mpaka inambana pumzi, anakufa amesimama. Baba alimfunga kijiti mdomoni, akamnywesha mafuta ya kupikia, akamzungusha uani, wapangaji wamejibanza milangoni. Ng'ombe alipopiga mbweu hatimaye, ilisikika mtaa mzima na ilinuka mtaa mzima. Mama akasema, "Haya, na aseme alhamdulillahi," na sisi ni Wakatoliki.

Maziwa yetu mengi yalikwenda Kariakoo, kwa familia ya Kihindu iliyokuwa na duka la viungo na mafuta ya mimea. Walikaa juu ya duka lao. Mama wa nyumba ile alikuwa mtu mzima mwenye miwani minene, na kwao chapati ya kwanza kutoka kwenye chuma haiingii mdomoni mwa mtu. Ni ya ng'ombe. Kwa miaka mingi, ng'ombe akiwa hapatikani Kariakoo, alikuwa akiwatupia kunguru dirishani huku moyo unamsuta. Siku baba alipobisha hodi na debe la maziwa, na yule mama akajua kwamba hayo maziwa yana mwenyewe hai, anayepumua, Ilala, alifurahi kama amepata mkwe. Tangu hapo kila asubuhi baba alirudi na chapati ya samli imefungwa kwenye gazeti.

"Sisi tunakula ugali wa jana," mama alisema, "mwenzetu anakunywa chai na chapati."

Baba alipomweleza yule mama habari ya kuvimba, akamwambia jambo rahisi. Mtoto mchanga akisokotwa na tumbo, wao humpa tone dogo la mafuta yenye viungo. Ng'ombe naye ana tumbo, tena kubwa. Akampa kichupa cha mafuta ya karafuu. Mwingine angeyamwaga yote mdomoni mwa ng'ombe akangoja muujiza. Baba alikuwa mchanganyaji. Alianza na matone machache kwenye molasi, akakoroga, akachanganya na pumba, akampa, akabandika sikio. Baadaye akajaribu mdalasini, mchaichai, kitunguu saumu, kila kimoja kwa siku zake, kisha akarudi kwenye karafuu. Hatukuona tena ubavu umevimba. Kinyesi kilikuwa kizuri, na maziwa yakapanda kidogo.

Alitueleza wakati wa kula, bila kuulizwa. Tumboni mwa ng'ombe, alisema, kuna vijidudu visivyohesabika. Ng'ombe mwenyewe hawezi kusaga majani, hao ndio wanaomsagia. Sasa, kati yao wapo wanaofanya kazi na wapo wanaotengeneza hewa tu. Karafuu inawapunguza wale wa hewa. Lakini ukizidisha, unaua mpaka wanaofanya kazi, na ng'ombe anaacha kula.

Mama alikuwa anamsikiliza na tonge mkononi. "Kwa hiyo na humo tumboni kuna kupunguza wafanyakazi?"

Baba alipaliwa. Nilimpiga mgongo. Nilimwona amecheka mpaka machozi, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akikicheka kiwanda chake. Ni chakula cha mwisho ninachokumbuka mama akiwa amekaa nasi na kula kama mtu.

Kwa maana tumbo lake na lenyewe lilikuwa limeanza. Kwanza alisema amevimbiwa. Kisha akasema vidonda vya tumbo. Kisha akaacha kusema. Hospitali walimfungua wakaona uvimbe, wakamfunga tena, na daktari akatuita pembeni akasema apewe chochote kinachoshuka. Nimeishi na neno hilo, kinachoshuka, miaka yote hii. Ugali haukushuka. Uji ulishuka kidogo, ukarudi. Ndizi zilirudi. Maziwa ya moto, na sukari kidogo, yakashuka yakakaa.

Sijui kama naweza kueleza furaha ya baba. Mtu alikuwa hana kazi, mke anakwisha mbele yake, hana analoweza kufanya zaidi ya kusimama na kofia mkononi mbele ya madaktari, halafu ghafla kile kitu kimoja kinachoshuka kinatoka kwa ng'ombe wake, uani kwake, kwa chakula alichokichanganya mwenyewe. Alianza kuamka mapema kuliko waadhini. Alinunua kichupa kikubwa. Hakuacha mtu mwingine akamue, hakuacha mtu mwingine achemshe. Yeye mwenyewe alimpelekea mama chumbani, kikombe amekishika kwa mikono miwili, akasimama pale pembeni ya kitanda mpaka kiishe.

Kila siku alisikiliza tumbo la ng'ombe. Mara moja nilipita mlango wa chumba chao ukiwa wazi, nikamwona amepiga magoti, sikio lake liko kwenye tumbo la mama. Mama alikuwa amemwekea mkono kichwani na ananitazama mimi juu ya kichwa cha baba. Nikarudi nyuma. Sijui alisikia nini humo. Sikuwahi kumuuliza.

Sasa, ng'ombe hakamuliwi mbele yake pakiwa patupu. Anarusha teke, anazunguka, anabana maziwa. Kila mfugaji wa mjini anajua: unamwekea pumba, anazama kichwa, wewe unakaa na ndoo yako. Na pumba zetu zilikuwa na karafuu. Taratibu maziwa yakaanza kunukia. Si sana mwanzoni. Ukiyachemsha ndipo unaisikia harufu, tamu na kali, kama ya mtu aliyeweka dawa ya jino.

Ungedhani wateja wangelalamika. Wateja wa wapi, Kariakoo? Yule mama wa duka aliyasifu mpaka akawaita majirani zake. Chai yake haikuhitaji tena viungo, alisema, ng'ombe mwenyewe amekwisha weka. Mwenye mgahawa wa jirani akaomba apelekewe debe. Baba alirudi Ilala kifua mbele. "Watu wanayagombania," alimwambia mama kesho yake, akimkabidhi kikombe. Mama akanywa. "Leo mazuri kuliko jana," akasema.

Nilikuja kugundua kwa sababu ya kanga. Nilikuwa nafua, nikaona kanga za mama zina maziwa yaliyoganda, na yananuka karafuu. Asubuhi iliyofuata nikajifanya nafagia ukumbini. Baba akaingia na kikombe, akasimama, mama akanywa mpaka mwisho, wakasemezana kidogo, baba akatoka akaenda zake Kariakoo na debe. Nikasikia mlango wa mbele umefungwa. Kisha nikamsikia mama.

Nilimkuta ameinamia beseni, na mtani wetu amemshika paji la uso. Huyu alikuwa mama wa Kihehe aliyepanga chumba cha mbele, mchuuzi wa vitunguu, mnene, mwenye mdomo. Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana, na yeye na mama walikuwa wameishi nyumba moja wakibishana kila siku nani alimkimbiza nani. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimwaga lile beseni. Alikuwa anasubiri baba atoke kabla hajaenda kwenye biashara yake.

"Harufu," mama akasema, alipoweza. "Maziwa ni mazuri. Harufu ndiyo inanikaba."

Nilipandwa na hasira kama kichaa. Nikasema namwambia baba leo leo, akirudi tu. Nikasema huyo ng'ombe avimbe apasuke, nitashika kisu mwenyewe. Maana nilivyoelewa mimi, ilikuwa ama karafuu ama ng'ombe: ukiiondoa, tumbo la ng'ombe linavimba, ukiiacha, tumbo la mama linakataa. Mama alingoja nimalize. Alikuwa amebaki macho na mifupa, lakini alikuwa bado mama yangu, na alinitazama mpaka nikashusha sauti.

"Humwambii," akasema.

"Kwa nini?"

"Akijua ataacha. Akiacha, atakaa hapo kwenye kigoda aniangalie ninavyokwisha. Mwache na ng'ombe wake."

"Na wewe utakunywa nini?"

"Wewe utanitengenezea uji mwepesi, akishatoka."

Mtani akasema, "Mngoni huyu tangu lini akasikia la mtu?" lakini machozi yalikuwa yanamtoka, akajifuta kwa mkono uliokuwa na maganda ya vitunguu, akalia zaidi.

Basi tukaishi hivyo. Kila asubuhi baba aliingia na kikombe chake. Kila asubuhi mama alikunywa, akasifu, akamwuliza ng'ombe ameamkaje. Nilijaribu mara moja kukichukua kikombe mlangoni, nikamwambia mzee pumzika, nitampa mimi. Akanitazama kama nimemtukana. "Hii ni kazi yangu," akasema. Na alisema kweli, hakuwa na nyingine. Mama alikuwa amelijua hilo kabla yangu. Nilikuwa nasimama ukumbini namsikia anavyosukuma yale maziwa kooni, funda kwa funda, na baba anavyomwambia, "Maliza, mama watoto, kidogo tu kimebaki," nikawa nawachukia wote wawili kwa jinsi walivyopendana. Nasema nilivyohisi. Sikuona uzuri wowote pale. Uzuri nimekuja kuuona nikiwa mtu mzima, na bado siutaki.

Majirani waliokuja kumjulia hali walimsikia baba akieleza barazani: hali chakula kingine, jamani, lakini maziwa haachi, maziwa ndiyo yanamshikilia. Watu wakaitikia, Mungu mkubwa. Mtani akiwa karibu aliinama kupanga vitunguu vyake vilivyokwisha pangwa.

Mama alifariki asubuhi, baada ya kunywa. Baba alikuwa ameshatoka na debe. Mimi ndiye niliyetumwa kumfuata, nikakimbia kwa miguu mpaka Kariakoo, nikamkuta ngazini kwa yule mama wa Kihindi anapokea chapati. Aliniona sina viatu, akairudisha ile chapati mkononi mwa mwenyewe, taratibu, akasema, "Samahani mama, leo sitaweza." Tukarudi tukitembea. Hakukimbia. Aliniuliza kitu kimoja tu njiani, kama yale maziwa yalikaa. Nikasema yalikaa.

Mwenye kujua msiba wa watu wa kusini anajua kazi ya watani. Wao ndio wanaoshika msiba, na wao ndio wanaouvuruga. Mtani ana ruhusa ya kuzuia jeneza mpaka alipwe, kulala kaburini, kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa, alivyokohoa, alivyotembea, alivyokuwa mbahili wa chumvi. Na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Unacheka, ukishacheka unalia vizuri zaidi. Wahehe wa Ilala walikuja wengi, wakiongozwa na yule wa vitunguu. Makaburini walidai Mngoni hazikwi mpaka akiri babu yake alikimbia. Baba alikiri, akatoa sarafu, watu wakacheka, tukamzika mama.

Siku ya kuanua tanga, mchana, turubai bado limefungwa mbele ya nyumba, mtani akatoka chumbani amevaa kanga za mama na kilemba cha mama. Mimi niliona kilemba kile kinakuja nikashika ukuta. Alilala mkekani katikati ya watu. Mwenzake, mwanamke mwembamba aliyejibandika koti la baba, akaja na kikombe amekishika kwa mikono miwili, anatembea kwa adabu kama padri na kalisi. Watu wakaanza kucheka, maana ndivyo baba alivyotembea.

"Kunywa, mama watoto."

Mtani akajiinua, akatia mdomo, uso wote ukakunjamana. Akameza. "Aaah! Leo mazuri kuliko jana!" Watu wakapiga makofi. Yule wa koti akasimama anasubiri, anahimiza, kidogo tu kimebaki, mtani anameza, macho yamemtoka, anasifu, anameza. Mwisho yule wa koti akageuka akaondoka kwa maringo. Mtani akanyoosha shingo kuhakikisha ameondoka, akavuta beseni kutoka nyuma yake, akaliinamia kwa kelele.

"Wangoni nyie!" akapiga yowe, akijifuta mdomo kwa kanga ya mama. "Mnapika pilau ndani ya ng'ombe, halafu mnampa mgonjwa! Kila siku mimi kumwaga beseni! Nani atanilipa?"

Turubai zima lilicheka. Baba alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, akapiga goti kwa kiganja, akageuka kunitafuta mimi ili tucheke pamoja, kama alivyokuwa akigeuka kwa mama. Mimi sikuwa nacheka. Nilijaribu. Nilivuta mdomo, najua nilivuta, lakini sijui ulikaa vibaya namna gani, maana kicheko chake kilikatikia palepale. Alinitazama. Akamtazama mtani na beseni lake. Kisha akashusha macho kwenye viganja vyake, akakaa hivyo mpaka shughuli ikaisha.

Mtani alinishika jikoni baadaye, bado ana kilemba cha mama kichwani. "Nilidhani mzee anajua," akasema. "Wallahi nilidhani anajua, anajikausha tu. Angekosaje kujua?" Nilimfungua kilemba, nikakikunja. Sikuwa na la kumlaumu. Alifanya kazi yake ya utani, na alikuwa amemwaga beseni miezi yote ile bila kutaka asante.

Watu walipoondoka, turubai likiwa linafunguliwa, baba aliniita uani. Ng'ombe alikuwa anacheua, hana habari.

"Tangu lini?"

"Tangu yaanze kunukia."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Alitingisha kichwa kukubali, kama mtu anayesikia hesabu ambayo inaingia sawa. Kisha akasema, si kwa hasira, kwa mshangao tu wa fundi:

"Lakini ningempa baada ya kukamua."

Sikumwelewa. Akanieleza. Kiwandani, alisema, magunia yenye dagaa walikuwa wakiyapiga mhuri: mpe baada ya kukamua. Ng'ombe akila kitu chenye harufu kabla, harufu inapita kwenye maziwa. Akila baada, mpaka kukamua kwa kesho imeshaondoka. Mhuri huo alikuwa akiupiga yeye kwa mkono wake. Alijua. Ila ng'ombe alikuwa hatulii bila pumba, na wateja wa chai walikuwa wanaisifu harufu, na mama alikuwa anasema mazuri kuliko jana. Kwa hiyo hakuona sababu ya kubadilisha.

"Saa tu," akasema. "Ningebadilisha saa. Tumbo lake lingekaa vilevile, na maziwa yangekuwa safi. Si angeniambia tu? Kwa nini hakuniambia?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimechoka na kufichana, nikampa maneno ya mama kama alivyoyasema, kwamba akijua ataacha, na akiacha atakaa kwenye kigoda amwangalie anavyokwisha. Aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani ndiye ninayemuuguza," akasema.

Saa ya kukamua ilikuwa imefika. Nikaenda kumchukulia pumba, akanizuia kwa mkono. Alikaa na ndoo ubavuni mwa ng'ombe asiye na kitu cha kula. Ng'ombe alirusha teke, ndoo ikamwagika. Akaisimamisha. Ng'ombe akampiga teke la paja, baba akasogeza kigoda, akaanza upya, akimwimbia kitu cha Kingoni kwa sauti ya chini. Hakupata mengi. Aliyachuja, akayachemsha mwenyewe, akatia sukari kidogo, akanipa kikombe.

"Onja."

Nikaonja. Tangu asubuhi sikuwa nimetia chakula mdomoni, na ng'ombe naye kwa siku zote za msiba alikuwa akilishwa majani matupu na wapangaji. Yalikuwa maziwa tu.

"Yananuka?"

"Hayanuki, baba."

"Hayanuki," akasema.

Akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akaingia nacho chumbani. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa godoro, kimeegemezwa ukutani. Akasimama palepale alipokuwa akisimama kumsubiri amalize. Mimi sikuingia. Nilikaa ukumbini, nikalia kwa sauti kubwa kama mtoto, na yeye hakuniambia ninyamaze.